Iktisadi si Ubakhili: Mazungumzo juu ya Chakula Chema cha Nyumbani

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mwenye kuruzuku viumbe vyake vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Katika mambo ambayo sisi watu wa mwambao twayakosea sana siku hizi ni kuyapa mambo majina yasiyokuwa yake. Mtu akinunua vyakula vya makopo na vya maboksi, akaingia navyo nyumbani mchana kweupe majirani wakaviona, huitwa karimu, mwenye kujua kuwatunza watu wake. Na mama anayenunua nafaka kwa pishi, akachagua njugu kwa mkono wake, akakaanga chakula cha asubuhi cha wiki nzima na kukitia katika chupa, husemwa kuwa ana mkono mgumu, au kwamba mambo yamemwia mazito hata amekuwa akijitengenezea vya dukani. Basi yule wa kwanza husifiwa hata ikiwa amekopa, na huyu wa pili huonewa haya hata ikiwa hana deni la mtu.

Swali letu basi ni hili: Kutafuta chakula chema kwa fedha chache ni ubakhili, au ni unyonge, au ni sehemu ya dini? Swali hili si dogo. Nyumba nyingi huanguka katika madeni kwa ajili ya tumbo, na nyingine hubana hata watoto wakadhoofu, na zote mbili hudhani kwamba zimo katika njia iliyo sawa. Tukilijua jina la haki la kila kitendo, tutajua pia lipi la kufuata na lipi la kuacha.

Chakula cha kale chenye jina jipya

Na tuchukue mfano mmoja, maana maneno matupu hayapiki. Katika maduka makubwa ya Mombasa, Dar es Salaam na Unguja huuzwa chakula cha asubuhi kiitwacho granola. Ni nafaka ya oti iliyobanwa ikawa bapa, ile ile ambayo wengi wetu twaipikia uji wakati wa Ramadhani, ikachanganywa na njugu, mbegu, asali na mafuta, ikaokwa mpaka ikakauka. Huliwa kwa maziwa au kwa mtindi. Boksi lake ni dogo, na bei yake ni kubwa.

Historia yake ina funzo. Mwaka 1863 daktari mmoja wa Marekani, James Caleb Jackson, aliyekuwa na nyumba ya kutibia wagonjwa katika mji wa Dansville, jimbo la New York, alitengeneza chakula cha unga wa ngano isiyokobolewa kilichookwa mara mbili, akakiita Granula. Kilikuwa kigumu hata hakiliki mpaka kilowekwe usiku kucha. Daktari mwingine, John Harvey Kellogg wa Battle Creek, Michigan, akatengeneza chakula chake cha namna hiyo kwa jina lilo hilo, na ilipozuka khitilafu juu ya jina akalibadilisha likawa Granola. Chakula hicho kikaja kusahauliwa. Kisha katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wengi wa Marekani waliochoka na vyakula vya viwandani wakakifufua majikoni mwao, kwa oti, asali na njugu. Haukupita muda mrefu viwanda vikakichukua tena, vikakizidishia sukari, vikakitia katika maboksi ya rangi. Kitu ambacho watu walikipika ili wajiepushe na kiwanda, kiwanda kikawauzia wao wenyewe.

Lakini nafaka iliyokaangwa si uvumbuzi wa Marekani. Waarabu wa zama za Mtume (S.A.W.) walikuwa na chakula kiitwacho sawiki: shayiri au ngano iliyokaangwa na kusagwa, ikachanganywa na maji, au samli, au tende. Ilikuwa ni chakula cha msafiri na cha mtu wa kawaida, kwa kuwa haiharibiki upesi wala haihitaji moto wakati wa kula. Mwaka wa 2 wa Hijra, baada ya vita vya Badri, Abu Sufyan alishambulia kandokando ya Madina kisha akakimbia, na watu wake wakawa wanatupa mifuko ya sawiki njiani ili wapunguze mizigo. Waislamu wakaiokota, na msafara ule ukaitwa Vita vya Sawiki. Na katika safari ya Khaybar, mwaka wa 7, imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliagiza chakula kiletwe, kisiletwe ila sawiki. Ikatiwa maji, akala yeye na sahaba zake, kisha akasukutua kinywa na kusali Magharibi.

Basi anayesema kwamba mama aliyekaanga nafaka yake nyumbani anaiga Wazungu au anajifedhehesha, na akumbuke sawiki. Jeshi la Mtume limekula nafaka iliyokaangwa, na haikuwapunguzia hishima yao.

Namna ya kuitengeneza

Anayetaka kujaribu na achukue vikombe vitatu vya oti, nusu kikombe cha njugu zilizopondwa kidogo, vijiko vitatu vya ufuta, na nusu kikombe cha nazi. Kwa nazi hapana haja ya kununua ile ya pakiti. Machicha yanayobaki baada ya kukamua tui, ambayo wengi wetu huwatupia kuku, yakikaangwa kwa moto mdogo bila ya mafuta mpaka yakauke kabisa, huwa mazuri sana kwa kazi hii. Robo kikombe cha mafuta na robo kikombe cha asali vipashwe moto pamoja, vitiwe mdalasini, iliki na chumvi kidogo, kisha vimiminwe juu ya nafaka na kuchanganywa mpaka kila chembe ipate. Mwenye jiko la kuokea aitandaze katika sinia, moto wa digrii 150 kwa nusu saa hivi, akiigeuza kila baada ya dakika kumi. Asiyekuwa nalo akaange katika sufuria pana juu ya makaa machache, asiache kukoroga, maana ikiungua chini yote huwa chungu. Ikiwa bado na moto huonekana laini. Ikipoa ndipo hukauka. Tende zilizokatwa na zabibu hutiwa mwisho, baada ya kuepuliwa, kwani zikipikwa huwa ngumu kama kokoto. Itiwe katika chupa kavu yenye kifuniko, nayo itakaa wiki mbili bila ya taabu.

Tahadhari ni tatu. Mtoto aliyekuwa chini ya mwaka mmoja asipewe asali, kwa kuwa yaweza kumdhuru hata ikiwa safi. Watoto wadogo wapondewe njugu barabara wasije wakakabwa. Na njugu au nafaka yoyote iliyoota ukungu itupwe, isioshwe ikaliwa. Mwaka 2004 katika sehemu za Makueni na Kitui nchini Kenya watu 125 walikufa kwa mahindi yaliyoingia sumu ya kuvu, na sumu ile haiondoki kwa kupikwa. Kuitupa njugu iliyooza si israfu. Israfu ni kuiacha ikaoza.

Tena yapasa tuseme kweli: pahali pengine oti ni ghali kuliko nafaka ya shambani. Ikiwa hivyo, kuing'ang'ania oti kwa sababu imesifiwa ni kuacha iktisadi kwa jina la iktisadi. Uji wa mtama au wa wimbi uliotiwa njugu za kusaga, muhogo wa kuchemsha kwa mbaazi za nazi, kunde, dagaa, mchicha na kisamvu, vyote hivi ni vyakula vyema vya kwetu, na wataalamu wa leo wasema yale ambayo bibi zetu waliyatenda bila ya kuyasoma: kwamba nafaka na jamii ya kunde zikiliwa pamoja, kila moja hukamilisha upungufu wa nyenziwe. Maana yetu katika kutaja granola ni njia, si oti. Njia yenyewe ni kununua kitu kikiwa kizima, kukitengeneza kwa mkono, na kujua kilichomo ndani yake.

Ghali si wema, wala rahisi si ubaya

Mwenye kununua boksi la dukani halipi nafaka peke yake. Analipa karatasi, picha, safari ya meli, kodi ya duka, na tangazo lililomfanya alitamani. Hayo yote hayaingii tumboni. Na mara nyingi kilichozidishwa katika boksi ni sukari, ambayo mwili hauna haja ya kuzidishiwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu ambazo mtu huzipata kwa siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima, na ikiwa nusu ya hiyo ni bora zaidi. Chupa ya nusu lita ya soda yaweza kuwa na gramu hizo zote peke yake. Basi baba anayewanunulia wanawe soda kila siku akidhani anawadekeza, anatoa fedha kununua maradhi.

Mfano mwingine ni wa mchele. Mwishoni mwa karne ya 19 tabibu wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, akiwa Java, aliona kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa sana wakipata udhaifu wa miguu unaofanana na maradhi ya beriberi ya wanadamu, na waliporejeshewa mchele wenye ganda lake jembamba wakapona. Kazi ile ikampatia tuzo ya Nobel mwaka 1929. Mashine zilikuwa zimeufanya mchele uwe mweupe na wa kupendeza machoni, zikauondolea kile ambacho mwili unakihitaji. Watu walilipa zaidi wapate kidogo zaidi.

Qur'ani Tukufu ilipotuamrisha kula, iliweka sharti mbili kwa pamoja: chakula kiwe cha halali, na kiwe chema. Wengi wetu twaishika sharti ya kwanza kwa nguvu, twauliza nyama imechinjwa na nani, na hilo ni wajibu. Lakini ya pili twaiacha kwa mwenye duka atuamulie. Wema wa chakula haupimwi kwa bei, wala kwa rangi ya karatasi. Hupimwa kwa usafi wake na kwa manufaa yake kwa mwili ambao ni amana tuliyopewa.

Hoja ya kwanza: Je, huu si ubakhili?

Mtu aweza kusema: "Maneno haya ndiyo wanayoyasema mabakhili wote. Hapana bakhili aliyejiita bakhili." Na hoja hii ni ya kweli. Al-Jahiz, mwanachuoni na mwandishi wa Basra aliyefariki katika karne ya 3 ya Hijra, alitunga kitabu kizima juu ya mabakhili, na humo akawataja watu waliokuwa wakikutana msikitini kuhadithiana hila za kubana matumizi, kila mmoja akimsifu mwenziwe kwa uchumi wake. Ubakhili wao walikuwa wakiuita kutengeneza mali. Jina zuri walikuwa nalo. Tabia nzuri hawakuwa nayo. Kwa hivyo hatuwezi kumtazama mtu kwa jina analojipa. Yahitajiwa mizani.

Mizani yetu ina maswali matatu. La kwanza: Anayepunguziwa ni nani? Ikiwa baba ameacha sigara na mirungi ili watoto wapate maziwa, hiyo ni iktisadi. Ikiwa amepunguza maziwa ya watoto na sigara ikabaki, huo ni ubakhili, tena ni dhulma. Hind binti Utba alipomlalamikia Mtume (S.A.W.) kwamba mumewe Abu Sufyan hampi matumizi ya kumtosha yeye na wanawe, Mtume alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kuwatosha kwa wema. Angalia kipimo hicho: hakuambiwa achukue apendacho, wala hakuambiwa asubiri na njaa. Mwenye uwezo ambaye huwanyima walio chini ya mkono wake hana ruhusa ya kujificha nyuma ya neno kanaa. Kanaa ni ya mtu na nafsi yake. Hapana mtu awezaye kukinai kwa niaba ya mwanawe mwenye njaa.

Swali la pili: Kilichobakia kinakwenda wapi? Bakhili hubana ili ahesabu. Mwenye iktisadi hubana ili atoe: alipe deni, asomeshe, amtazame mzee wake, na awe na cha kumpa jirani. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr azidishe maji katika mchuzi wake ili awafikishie na jirani zake. Huu ndio uzuri wa iktisadi ya Kiislamu: mchuzi umerefushwa kwa maji, nayo yafanana na kubana, lakini umerefushwa ili ufike nyumba ya pili. Bakhili naye huongeza maji katika mchuzi, lakini mlango amefunga.

Swali la tatu: Kazi inamwangukia nani? Hili watu hawalisemi, nasi twaona yafaa lisemwe. Chakula cha bei rahisi kina bei nyingine isiyoandikwa, nayo ni jasho la mwanamke. Kuchagua mbaazi, kukuna nazi, kupeta ufuta, kusimama juu ya makaa huku unakoroga, hayo yote ni saa za mtu. Mume akisema nyumba yake yatumia fedha chache, na yeye hajui hata njugu zimewekwa wapi, basi hakuokoa kitu. Amehamisha gharama kutoka mfuko wake hadi mgongo wa mkewe. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kazi za kuwatumikia watu wake mpaka wakati wa Sala ukifika. Basi iktisadi ya nyumba ni ya watu wote wa nyumba. Kijana wa kiume hapungukiwi na kitu akikuna nazi, na baba akikaa Ijumaa jioni akachagua njugu pamoja na wanawe, hiyo ni kazi, ni mazungumzo na ni malezi kwa wakati mmoja.

Hoja ya pili: Na hishima ya mgeni je?

Wengine husema: "Nafsi yangu nitaibana, lakini mgeni akija siwezi kumtilia muhogo na uji." Kumkirimu mgeni ni katika imani, hapana shaka. Lakini dini imetofautisha baina ya kukirimu na kujikalifisha.

Imehadithiwa kwamba Salman Al-Farisi (R.A.) alitembelewa na wageni wawili akawawekea mkate na chumvi, akawaambia kwamba lau si Mtume kukataza kujikalifisha, angalijikalifisha kwa ajili yao. Mmoja wao akasema chumvi hii ingalipendeza zaidi lau ingalikuwa na majani ya zaatari. Salman akatoa chombo chake cha kutawadhia, akakiweka rehani, akaileta zaatari. Walipokwisha kula, yule mgeni akamshukuru Mwenyezi Mungu aliyewakinaisha kwa alichowaruzuku. Hapo Salman akamjibu kwamba lau angalikinai, chombo chake kisingalikuwa rehani.

Ndugu msomaji, jiulize ni vyombo vingapi vya nyumba zetu viko rehani leo kwa sababu ya mgeni ambaye pengine angalitosheka na tulichonacho. Ni madaftari mangapi ya mwenye duka yamejaa majina yetu kwa mikate, soda na biriani za kuonyeshana? Aliyelaumiwa katika kisa hiki si mwenye nyumba peke yake. Mgeni naye ana wajibu: asiwe sababu ya mwenyeji kuingia katika deni. Na majirani wana wajibu: wasipime mapenzi ya mtu kwa idadi ya sahani.

Hapana budi kuutaja mwezi wa Ramadhani. Ni mwezi wa kupunguza, nasi tumeufanya mwezi wa kuzidisha. Bei hupanda sokoni kabla ya mwezi haujaandama, na nyumba nyingi hutumia katika mwezi wa njaa zaidi ya zinavyotumia katika mwezi wa kula. Kisha futari hubaki, ikatupwa usiku, na asubuhi maskini apita akiona makombo jaani. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba hata tonge iliyoanguka iokotwe, isafishwe, iliwe. Anayeokota tonge moja anajifunza thamani ya sinia zima.

Hoja ya tatu: Maskini ahubiriwe nini?

Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote. Mtu asiye na kitu aweza kusema: "Ninyi mwatufundisha kukaanga oti na asali, nami sina hata unga. Mwataka niamini kwamba njaa yangu ni kosa langu?" La hasha. Mwaka 2022, vita vilipozuka Ukraine na mvua kukosekana kwetu, bei ya ngano, mafuta ya kula na unga wa mahindi ilipanda mno. Nchini Kenya pakiti ya kilo mbili ya unga ilipita shilingi 200 katika miji mingi, hata serikali ikalazimika mwezi wa Julai kuingia kati ili iuzwe kwa shilingi 100 kwa muda. Hapana hila ya jikoni inayoweza kuyafidia mambo kama hayo. Kumwambia mwenye njaa ajifunze iktisadi, na wewe umeshiba, ni ukatili uliovishwa kilemba.

Basi iktisadi haikuwekwa iwe fimbo ya kumpigia maskini. Imewekwa kwanza juu ya mwenye nacho. Katika mwaka wa 18 wa Hijra, mwaka uliojulikana kwa jina la Mwaka wa Majivu kwa ukame wake, Sayyidna Umar (R.A.) alijizuia na samli na nyama mpaka watu wote wapate, akawa anakula mafuta ya zeituni hata rangi yake ikabadilika. Na hakuishia kujibana. Aliagizia chakula kutoka Sham kiletwe Madina, na watu wakalishwa. Hivi ndivyo mambo yanavyopangwa: aliye juu hubana kwanza, kisha hupeleka kilichopatikana kwa aliye chini. Mfanyabiashara anayeficha mchele akingojea bei ipande, na tajiri asiyetoa zaka yake kwa ukamilifu, hawana haki ya kumfundisha mtu yeyote namna ya kupika uji.

Pamoja na hayo, mwenye kidogo naye asidharau uwezo wake. Kidogo chake kina heshima, na hapana aliyesema kwamba mnyonge hana haki ya kula chema. Ikiwa ana shilingi chache, ana haki ya kujua kwamba mbaazi zitamjenga mwanawe kuliko soda, na kwamba dagaa si chakula cha aibu. Kumnyima elimu hiyo kwa kisingizio cha kumhurumia ni kumdhulumu mara ya pili. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe kisiwe na tundu.

Hadhari ya mwisho

Iko hatari moja inayomngojea mwenye kufuata njia hii, nayo ni kiburi. Mtu akishajifunza kula vyema, huanza kuzikagua sahani za wenziwe. Akialikwa husema hiki kina mafuta, hiki kina sukari, mimi huku kwangu sili haya. Mtume (S.A.W.) hakuwa akikitia ila chakula chochote kile: akikipenda hula, asipokipenda hukiacha. Adabu hii ni bora kuliko chupa kumi za granola. Chakula kilichosafisha tumbo kikachafua ulimi hakijafaa kitu. Na mwenye maradhi ya sukari akitaka kujizuia, na ajizuie kwa upole, bila ya kumwonyesha mwenyeji kwamba amekosea.

Tumeona basi kwamba iktisadi si ubakhili, kwa sababu bakhili hukusanya na mwenye iktisadi hugawa. Wala si unyonge, kwa sababu waliokuwa bora kuliko sisi wamekula nafaka iliyokaangwa na mkate wa chumvi, na dunia ikawaheshimu. Ni sehemu ya dini, kwa sharti kwamba mwenye kubana aanze na nafsi yake, asimbebeshe mwingine mzigo, asiwanyime walio wajibu wake, na asisahau jirani. Sura ya Al-Furqan, katika kutaja sifa za waja wema, imeweka matumizi yao baina ya ncha mbili. Pahali pa katikati ni pembamba, na kila nyumba yapasa ipatafute upya kila mwezi, mshahara ukiingia na ukichelewa.

Mama wa nyumba anayekaanga nafaka yake leo asione haya, na anayemwona asimcheke. Mume amsaidie. Na chupa ikijaa, kikombe kimoja kipelekwe kwa jirani, maana hapo ndipo mizani itakapojulikana imelalia upande gani.

Twamuomba Mwenyezi Mungu aturuzuku cha halali na chema, atuepushe na deni na israfu, na azitie baraka nyumba zetu na za Waislamu wote. Amin.